Injinia wa Nyumba Nane

Jina la Injinia alipewa na majirani. Yeye darasani hakulifuata. Cheti alicho nacho ni kimoja tu, cha shule ya msingi, na hicho nacho mende wamekila pembe moja. Maisha yake yote alikuwa fundi mwashi, tena mwashi hodari, wa kupanga matofali tangu asubuhi mpaka jioni na ukuta ukasimama kama umechorwa kwa rula. Mikono ilikuwa migumu, goti la kulia lilimlalamikia kila alipochuchumaa, na penseli haikukosa sikioni kwake hata siku ya kwenda kuzika. Mtu wa namna hiyo angeitwa Fundi na mambo yakaishia hapo. Lakini katika safu ya nyumba nane alimoishi, yeye akiwa wa nyumba ya mwisho, wakubwa kwa wadogo walimwita Injinia, na kila alipoitwa hivyo kuna kitu kilimchoma chini ya mbavu. Alikuwa akiinamisha uso na kupita haraka. Watu walisema anaona haya kusifiwa. Haya alikuwa anaona kweli, ila sababu yake hawakuijua.

Sababu ilianzia kwenye nyumba zenyewe. Zilijengwa na mwenye kiwanda kwa ajili ya wafanyakazi wake, zote kwa ramani moja, zimebanana bega kwa bega, na baadaye wenyewe wakauziwa. Ukiijua moja umezijua zote nane. Sebule ndefu, chumba kimoja cha kulala chenye mlango, jiko kwa nyuma. Na katikati ya sebule kulikuwa na ukuta wa ajabu, unatoka upande wa jikoni, unakuja vizuri, halafu unakatikia njiani kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Kutoka pale ulipoishia mpaka ukuta wa nje palibaki mwanya wa mita mbili na robo. Nyuma yake ndipo palipotakiwa kuwa chumba cha pili. Wako waliosema saruji iliisha, wako waliosema aliyechora ramani aliitwa kula katikati ya kazi. Vyovyote iwavyo, nyumba zote nane ziliweka pazia kwenye mwanya huo, na nyuma ya pazia wakalala watoto, wageni, wagonjwa na wazee.

Ukuta ule haukubeba kitu. Paa lilikuwa limelala juu ya kuta za nje na ukuta wa chumba cha kulala. Huu wa sebuleni ulisimama kwa kugawa tu, na fundi yeyote angelijua hilo kwa kutupia jicho mara moja. Kuurefusha ilikuwa kazi ya siku mbili, tatu ukitaka mlango mzuri. Mbao moja chini, moja juu, nguzo kati yake, bodi pande zote mbili, basi.

Mkewe alimwomba kazi hiyo miaka kumi na nne iliyopita, Jumapili, saa nane mchana. Binti yao alikuwa ameanza kukua na hakutaka tena kuvaa nguo nyuma ya pazia huku rafiki za kaka yake wamejaa sebuleni. Mama yake alilisema hilo kwa upole, kwa mara ya kumi au ya kumi na mbili, kwa sababu kila mara jibu lilikuwa wiki ijayo. Injinia, ambaye wakati huo bado alikuwa Fundi tu, alikuwa amejinyoosha mkekani baada ya siku sita za kujengea watu wengine. Kuwajengea watu siku sita na ya saba ujijengee mwenyewe, hilo halikumwingia akilini. Akatafuta neno la kumaliza mjadala usirudi tena. Akainuka, akachukua nyundo, akagonga sakafu mahali patatu, akainamisha sikio na kukunja uso.

"Sakafu hii haina chuma, mke wangu," alisema. "Imemwagwa juu ya udongo wa kujazia. Ukiongeza ukuta hapa itapasuka, na nyumba itapasuka nayo."

Kisha akarudi mkekani akalala usingizi wa nguvu. Chuma kilikuwepo, udongo ulikuwa umeshindiliwa vizuri, na yeye hakuwa amesikia chochote zaidi ya nyundo yake mwenyewe.

Kama mkewe angebisha, uongo ule ungefia palepale. Hakubisha. Alikuwa mwanamke mwerevu, anayejua kumbana muuza vitunguu mpaka akajuta kufungua genge, lakini kwa ufundi wa mumewe alikuwa ameweka moyo wake wote. Alilipeleka neno bombani siku iliyofuata, akalitia na chumvi kidogo: kwamba mume wangu amepima, kwamba amelala kifudifudi akasikiliza, kwamba nyumba hizi zote zimesimama juu ya mchanga mtupu na bahati. Majirani waliokuwa na mpango kama wake wakashtuka. Wa nyumba ya pili akaomba Fundi aje amwangalizie na yeye.

Hapo ndipo alipopaswa kucheka na kusema ukweli. Lakini mkewe alikuwa amesimama kando yake, amembebea nyundo, kidevu juu. Akaenda nyumba ya pili, akapiga goti, akagonga, akasikiliza, akatikisa kichwa. Wiki iliyofuata akafanya hivyo nyumba ya saba. Mwenye nyumba ile, mtu wa utani, akasema huyu si fundi tena, huyu ni injinia. Jina likashika siku hiyohiyo.

Halafu akaja mshonaji.

Mshonaji aliishi nyumba ya nne, na cherehani yake ilikuwa sebuleni, kwa hiyo wateja walipimiwa nguo hapohapo. Mwaka ule baba yake aliletwa akae naye. Mzee huyo alikuwa mwalimu mkuu kwa miaka thelathini, na ingawa alikuwa amepooza upande mmoja, watu walimwamkia wakiwa wamesimama wima. Alilazwa nyuma ya pazia. Mshonaji alikuja jioni, futi ya kupimia imening'inia shingoni, akamwomba Injinia aje atazame kama kwake ukuta unaweza kurefushwa, hata kidogo, hata kwa vipande.

Injinia alikwenda huku mkewe yuko nyuma yake. Mwalimu, amelala kitandani, alimtazama akipiga goti. Akagonga mara moja, mara mbili. Mkono ulikuwa mzito. Angesema ndiyo, mkewe angeuliza mbona kwetu hapana, na nyumba ya pili, na ya saba.

"Haiwezi," alisema.

"Hata wa mbao?" mshonaji aliuliza.

"Hata wa mbao."

Mwalimu alikubali kwa kichwa. Alisema, kwa ule mdomo uliokuwa ukivuta upande, kwamba mwenye kazi yake ameshasema, kwa hiyo tumshukuru. Na wakamshukuru. Akapewa chai, akainywa yote, akaungua ulimi.

Wiki moja baadaye alirudi na mbao akamtengenezea Mwalimu kitanda kipya, imara, chenye kingo ili asianguke, na akakataa malipo. Mshonaji alimsifu kwa kila mtu. Mwalimu aliishi nyuma ya pazia lile miaka miwili na miezi minne, na muda wote huo Injinia alipokwenda dukani alizunguka kwa nyuma, kwenye mabomba ya maji machafu, ili asipite mbele ya nyumba ya nne. Msiba ulipotokea, alifanya kazi kuliko ndugu wa damu. Alibeba viti, akafunga turubai, akachota maji mpaka goti likavimba. Watu wakasema tena kwamba Injinia ana roho nzuri, na yeye akatamani ardhi impasukie, hata bila kuongezewa ukuta.

Miaka ikaenda. Watoto wakakua, wakaondoka, wakaoa na kuolewa. Goti likamstaafisha. Uongo wake ukabaki pale sebuleni, umetandazwa kwenye fimbo ya pazia, akiupita kila asubuhi anapokwenda kupiga mswaki. Unaweza kudhani mtu huzoea. Alizoea, kweli, kama mtu anavyozoea jiwe kwenye kiatu kwa kubadilisha mwendo.

Mwaka huu dada mkubwa wa mkewe alifanyiwa upasuaji wa nyonga, na hakukuwa na mwingine wa kumuuguza. Mkewe alisema hawezi kumlaza dada yake nyuma ya pazia. Akampa chumba chenye mlango, yeye na mumewe wakahamia nyuma ya pazia. Injinia alikubali bila neno. Usiku hakukuwa na shida. Shida ilikuwa mchana, na siku ya nne, saa tano asubuhi, ikamkuta.

Alikuwa ametoka kuoga. Mguu mmoja umeingia kwenye suruali, wa pili uko hewani, mkono umeshika ukingo wa kitanda kwa ajili ya goti. Msoma mita ya umeme akaingia sebuleni, akaitikiwa kutoka jikoni kwamba mita iko upande ule, akafungua pazia. Walitazamana. Msoma mita alikuwa na adabu, akasema samahani mzee, lakini mita ilikuwa kweli upande ule, juu ya kichwa cha Injinia, na namba zake ndogo. Basi akasimama akaandika, huku Injinia amesimama kwa mguu mmoja na suruali yake nusu, wanaume wawili wazima wakijifanya hawaonani. Shemeji, chumbani, alikohoa kwa namna ya mtu anayezuia kicheko.

Msoma mita alipoondoka, Injinia alikaa kitandani bila kumalizia suruali. Hakucheka. Alimfikiria Mwalimu. Mimi nimefunguliwa pazia mara moja, aliwaza, na nina miguu ya kuingiza kwenye suruali. Miaka kumi na nne alijua kwamba amedanganya. Siku ile ndiyo aliyojua alichokifanya. Aibu ilimpanda, na akaona vibaya zaidi kwamba imebidi yamfike yeye ndipo ayaone.

Sasa ungetegemea mtu wa namna hiyo atoke akaseme ukweli. Alitoka akanunua mbao. Na mkewe alipomuuliza kwa mshangao kama sakafu itaweza, akasikia mdomo wake mwenyewe ukijibu kwamba siku hizi kuna mbao nyepesi, za aina mpya, zamani hazikuwepo. Uongo wa pili ulitoka laini kuliko wa kwanza. Mkewe alifurahi, akachukua ndoo akaenda bombani.

Kazi aliifanya peke yake. Alibandua lipu pembeni pa ukuta wa zamani mpaka tofali likaonekana, akavuta kamba ya chaki kutoka hapo hadi ukuta wa nje, akaiachia ikapiga mstari wa buluu sakafuni. Akashusha timazi kutoka kwenye boriti ya dari, akasubiri itulie, akatia alama. Mikono ilikumbuka kila kitu na ikafurahia, naye akaichukia kwa kufurahia. Akalaza mbao ya chini juu ya mstari, akaanza kutoboa sakafu ili aifunge kwa bolti.

Sakafu ilikataa. Ncha ya drili ikatoa moshi, ikaungua. Akaweka ya pili, ikatoboa nusu, nayo ikaungua. Ilikuwa zege ngumu, nene, iliyomwagwa na watu waliojua kazi yao, na kwenye tundu la tatu akagusa chuma. Sakafu ile ingebeba kuta kumi. Injinia alikaa chini, kiganja kimelala juu ya zege, akakaa hivyo mpaka mkewe akauliza kutoka jikoni mbona kumekuwa kimya. Akajibu anapumzika.

Siku ya pili, saa nne, nguzo zote zilikuwa zimesimama, na nafasi ya mlango imeachwa. Mkewe alikuwa ameshaitangaza habari, na wa kwanza kuja kutazama akawa mshonaji. Aliingia na futi yake shingoni, akaamkia, akamjulia hali shemeji aliyekuwa chumbani, akasimama mbele ya nguzo. Mkewe akaanza kumweleza jinsi ukuta utakavyokuwa, mlango utafungukia wapi, taa itakaa wapi.

"Hizi ni mbao za aina gani, kaka?" mshonaji aliuliza.

Mkewe ndiye aliyejibu. "Nyepesi. Za siku hizi, mdogo wangu. Enzi zile hazikuwepo, ndiyo maana ilishindikana."

Mshonaji alipitisha kiganja juu ya nguzo moja, polepole, kama anavyopima kitambaa. "Naziona kama zile za kitanda cha baba," alisema. "Mpaka leo ninacho, nakilalia." Hakulisema kwa kushtaki. Alikuwa anashangaa tu, na alitaka kuelezwa.

"Muulize mwenyewe, atakueleza tofauti yake," mkewe alisema, akamgeukia mumewe.

Alimgeukia na ule uso wake. Uso uleule wa miaka kumi na nne, kidevu juu, uko tayari kuamini lolote litakalotoka na kulibeba mpaka bombani. Injinia alikuwa na jibu. Angeweza kusema habari za unyevu wa mbao, habari za kukaushwa kiwandani, na wote wawili wangekubali kwa kichwa. Aliutazama uso ule. Angeweza kumdanganya mshonaji tena. Kumtuma mkewe na uongo wa tatu, hilo lilimshinda.

"Ni zilezile," alisema. Akatoa penseli sikioni, hakujua aiweke wapi. "Sakafu ingebeba. Ilikuwa inabeba tangu mwanzo. Sikupima kitu. Siku ile nilikuwa nimechoka, nikatafuta la kusema."

Mshonaji ndiye aliyeuliza.

"Hata ya kwangu?"

"Hata ya kwako."

Mshonaji hakupiga kelele. Angepiga ingekuwa nafuu. Alianza kueleza, kwa sauti ya kawaida, macho kwenye nguzo. Wateja wake wengi walikuwa wanawake, na nguo lazima zijaribiwe. Walikuwa wakiona kuna mwanaume nyuma ya pazia, wanasita, wengine wanasema watarudi, na hawarudi. Baba yake aliligundua. Hakuwa mtu wa kuongea sana. Siku moja mteja alipokuwa anasita, akasikia sauti nyuma ya pazia ikisema, "Sipo, endeleeni." Mshonaji akachungulia, akakuta baba yake amevuta shuka na kujifunika uso.

"Tangu siku hiyo ikawa ndiyo kawaida," alisema. "Mteja akiingia, anajifunika, anasema hayupo. Wakati mwingine saa tatu nzima, na joto lile. Mtu aliyekuwa akisimama uwanjani watoto mia nane wananyamaza." Akatoa uzi uliokuwa umenasa kwenye mkono wa gauni lake, akauviringisha vidoleni, akaaga, akatoka.

Injinia alimgeukia mkewe. Mkewe alikuwa amekaa kwenye kiti, mikono magotini, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane alionekana hajui afanye nini. Alipoongea, aliongea kama anayejiambia mwenyewe.

"Mimi ndiye niliyempelekea neno lile. Alikuja kwangu kwanza, kabla ya kuja kwako. Nikamwambia mume wangu amepima."

"Nisamehe," alisema Injinia.

"Sijafika huko bado." Akainuka, akajifunga mtandio. "Vaa shati. Tunatoka."

Walianza na nyumba ya kwanza, mkewe mbele, yeye nyuma akiburuta goti. Saa tano ile, jua limetanda, watu wote wanaonekana. Mkewe alibisha hodi, na mwenye nyumba alipotoka akamwambia, bila salamu ndefu, "Niliwaambia sakafu zetu hazibebi ukuta. Nilidanganya. Zinabeba. Ukitaka kujenga, jenga."

Nilidanganya, alisema. Injinia alilisikia neno hilo, na kitu cha kwanza alichohisi, Mungu anamjua, kilikuwa nafuu. Mwenye nyumba alimtazama mkewe kwa mshangao, kisha akamtazama yeye kwa huruma, kana kwamba amekuwa akiishi na mwanamke wa umbea bila kujua. Na yeye akanyamaza. Akapokea ile huruma. Walipogeuka kuondoka aliiona nafuu yake ilivyo, akajitemea mate moyoni.

Nyumba ya pili ikawa vilevile. Mdomo ulifunguka, sauti haikutoka. Mkewe hakumtazama wala hakumngoja. Ya tatu walikuta wapangaji wapya, waliohamia mwaka jana, ambao hawakuelewa sakafu gani wala uongo gani, wakawakaribisha ndani kwa wasiwasi. Mkewe akarudia tangu mwanzo, kwa subira, nilidanganya, na yule mpangaji akasema si kitu mama, pazia lenyewe tulilikuta. Ilimshinda Injinia kuona mkewe akijidhalilisha mbele ya watu wasiohusika kabisa.

"Si yeye," alisema. Sauti ilitoka ya kukwaruza. "Ni mimi. Yeye aliniamini tu."

Mkewe aligeuka akamtazama, kisha akatazama mbele. Nyumba ya nne akaipita bila kusimama. Ya tano, ya sita na ya saba alibisha hodi, akarudi nyuma hatua mbili, akamwachia aseme. Aliyasema. Katika nyumba ya tano walicheka wakidhani ni utani. Katika ya sita bibi mmoja alimsikiliza mpaka mwisho, akafunga mlango taratibu bila kujibu. Katika ya saba, yule mtu wa utani aliyempa jina hakupata utani wowote wa kusema. Alikuna kichwa, akageuka kutazama pazia lake, na binti yake mkubwa, aliyekulia nyuma ya pazia hilo, akaacha kufua akasimama kusikiliza.

Wakarudi nyumba ya nne. Mkewe alisimama barazani, mbali na mlango.

"Huu siugongi mimi," alisema.

Mshonaji alifungua. Ndani alikuwapo mteja mmoja, mama wa makamo, amesimama na gauni lenye mkono mmoja, pini zimejaa begani. Injinia alikuwa amejiandaa njiani. Alisema atamjengea ukuta kuanzia kesho, mbao zake, kazi yake, mlango, rangi, kila kitu, na hataki hata chai. Aliongea haraka, kwa sababu kazi ndiyo lugha aliyoijua.

"Ukuta wa nini sasa?" mshonaji aliuliza. Hakuwa na hasira. "Hakuna anayelala pale. Naweka vitambaa."

Injinia alishika penseli yake kwa mikono miwili. Mteja alianza kutafuta pa kwenda na gauni lake, lakini mshonaji alimshika bega akamwambia abaki, pini zitaanguka. Kisha akaenda kwenye mwanya akalivuta pazia mpaka mwisho. Nyuma kulikuwa na meza ya kukatia, mafungu ya vitambaa, na dirisha dogo.

"Kitanda kilikuwa hapa," alisema. "Kichwa upande huu, wa dirisha. Mimi umeshaniambia. Mwambie na yeye."

Injinia alidhani ametaniwa, akamtazama usoni, akaona hakuna utani. Mkewe alikuwa amefika mlangoni. Injinia alivuka mwanya ule wa mita mbili na robo, akavua kofia, akasimama mbele ya meza ya kukatia kama mtoto aliyeitwa ofisini. Aliyatazama mafungu ya vitambaa.

"Mwalimu," alisema, "nilikudanganya. Sakafu ilikuwa nzima. Ningekujengea kwa siku mbili. Nilijua, nikanyamaza mpaka ukafa."

Ilitoka kama mnong'ono. Mteja alikuwa ameinamisha kichwa. Injinia akageuka nusu, akidhani amemaliza.

"Sema kwa nguvu," mshonaji alisema nyuma yake, na sasa sauti ilimkatika. "Sikio lake la upande huo lilikuwa halisikii vizuri."

Injinia akageuka tena, akavuta pumzi, akarudia tangu mwanzo kwa sauti kubwa, na nyumba ya tatu na ya tano wote wakasikia.